Mazungumzo ya Nyumbani: Tulipohamia Mji Mgeni

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari ya kuhama. Twadhani ni nyumba chache kati ya zenu ambazo hazina mtu aliyefunga mizigo katika miaka hii ya karibu: mwalimu amepewa uhamisho, kijana amepata kazi mjini, mama mjane amechukuliwa na mwanawe akakae naye. Habari za safari kila mtu huziuliza, na habari za nyumba mpya pia, kama ina maji, kama kodi yake ni kubwa. Lakini habari za moyo wa mtu aliyehama hazina aulizaye. Basi sisi tutazisema zetu, ijapokuwa ndani yake mna aibu kidogo, kwa kuwa huenda zikamfaa mwingine.

Sisi tu watu wa Muheza, katika mkoa wa Tanga. Mwezi wa Juni, 2023, kazi ilituhamisha tukaenda kukaa Dodoma. Tulikuwa watu wanne: sisi tuandikao haya, na mama watoto, na binti yetu wa miaka minane, na mama yetu mzazi, ambaye tangu baba alipofariki hakuwa na mtu wa kukaa naye. Njia ni ndefu, zaidi ya kilometa 500. Basi liliondoka alfajiri, likapita Segera na Chalinze na Morogoro, na tulipoipita Gairo nchi ikabadilika: miti ikapungua, ardhi ikawa nyekundu, na mbingu zikawa kubwa kuliko tulivyozoea kuziona. Mama alikuwa amekaa dirishani. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akaiona mibuyu imesimama bila majani pembeni mwa njia, akasema, "Afadhali mbuyu. Huo naujua." Akanyamaza tena mpaka tukafika.

Dodoma si mji mdogo. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie huko, lakini miaka mingi ikapita uamuzi huo ukitimizwa nusunusu, mpaka mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhama kwa kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 760,000. Maana yake ni kwamba wageni hawakuwa sisi peke yetu. Katika mtaa wetu jirani wa kulia ametoka Bukoba na wa kushoto ametoka Mtwara. Ungedhani kwamba mahali penye wageni wengi namna hiyo mgeni atajiona yuko kwao. Walakini sivyo. Wageni wengi wakikaa pamoja, kila mmoja humngoja mwenziwe aanze kumsalimu, na siku hupita.

Nasi tulifika wakati mbaya. Juni na Julai ni miezi ya upepo na baridi huko, kwa kuwa mji uko juu ya bahari kwa meta zaidi ya 1,100. Upepo huvuma tangu asubuhi, nao huchukua vumbi huliingiza hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Midomo yetu ilipasuka. Maji ya bomba yalikuja kwa mgao, wala hatukujua siku zake. Nazi ambayo kwetu Muheza huokotwa chini ya mnazi, tuliikuta sokoni inapimwa kwa macho kama kitu cha thamani. Basi tukaanza kunung'unika. Tulinung'unika asubuhi kwa sababu ya baridi, mchana kwa sababu ya vumbi, na jioni kwa sababu ya kitoweo. Masanduku manne tuliyotoka nayo hatukuyafungua, tukayasukuma chini ya kitanda. Kila mama watoto alipouliza, "Je, tuyafungue?" tulimjibu, "Ya nini? Hatukai sana huku." Neno hilo likawa kama pambio katika nyumba yetu.

Mwezi wa Septemba mwalimu wa binti yetu alituita shuleni. Alikuwa kijana mpole. Akatukaribisha kiti, akasema, "Mzee wangu, sikukuita kwa ubaya. Mtoto anasoma vizuri, wala hana utundu. Ila wakati wa mapumziko hukaa peke yake chini ya mti na mkoba wake mapajani. Nilimwuliza kwa nini hachezi na wenzake. Akanijibu, 'Mwalimu, sisi hatukai sana huku. Baba amesema.'"

Wasomaji, tuliona haya ambayo hatukuwahi kuona mbele ya mtu aliyetuzidi umri, sembuse kijana yule. Tulikuwa tumedhani manung'uniko yetu ni upepo tu, yatoka kinywani yapotea. Kumbe yalikuwa na mtu wa kuyaokota. Miezi mitatu mtoto wetu alikaa na mkoba wake mapajani kama abiria anayelingoja basi, kwa kuwa baba yake alimwambia basi laja.

Tulirudi nyumbani tukamsimulia mama. Hakucheka, wala hakutukemea. Alisema hivi tu: "Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe una miezi mitatu, na jembe bado umeliegemeza ukutani." Kisha akaenda kuota jua la jioni.

Usiku ule tulipokwisha kukaa kwenye chakula, mama akaweka sheria. Akasema kwamba tangu siku ile, kabla ya mtu kumega tonge, kila mmoja ataje kitu kimoja chema alichokiona siku ile katika mji huu. Kiwe amekiona kwa macho yake. Kisiwe cha jana. Wala asiseme uongo ili ale upesi.

Akaanza yeye mwenyewe. Alisema, "Chumvi."

Tukatazamana. Mama akachukua kopo la chumvi akalitikisa, nayo ikalia kama mchanga. Akasema, "Miaka yote ya maisha yangu chumvi imekuwa ikishikana koponi. Lazima uikwangue kwa kijiko, na wakati wa masika hutoa maji. Ya huku haishikani. Leo nimeunga mchuga kwa ncha za vidole, ikamwagika vizuri. Nimefurahi."

Na ndivyo ilivyo, kwa kuwa hewa ya pwani imejaa unyevu, nayo chumvi huunywa. Hewa ya Dodoma ni kavu, haina cha kuinywesha. Ni hewa ileile iliyopasua midomo yetu, nasi tulikuwa tumeona upande wake mmoja tu.

Mama watoto akasema kwamba amefua saa nne, na saa tano nguo zimekauka. Zamu yetu ilipofika, hatukuwa na kitu. Manung'uniko tulikuwa nayo matano tayari, yamepangwa kwa zamu, lakini jema hata moja hatukulipata. Tukasema, "Hewa ni nzuri." Binti yetu akatutazama akasema, "Baba, jana ulisema hewa ni mbaya." Tukala kwa kuonewa huruma.

Siku ya pili tuliacha bodaboda tukaenda kazini kwa miguu, si kwa kupenda, ila kwa kutafuta kitu cha kusema jioni. Tukamwona mwenye duka mmoja akinyunyiza maji mbele ya mlango wake kabla jua halijapanda, ili vumbi litulie. Maji yalipogusa udongo ule mkavu, ikatoka harufu kama ya mvua ya kwanza. Tukasimama. Mwenye duka akatusalimu, tukaitikia. Miezi mitatu tulikuwa tukipita hapo, wala harufu ile hatukuipata, kwa kuwa mtu aendaye mbio juu ya pikipiki hupata vumbi lake tu. Jioni ile tulikuwa na la kusema.

Basi hivyo tulivyoanza. Hatutawahesabia yote, ila machache.

Jambo la mtungi. Mama alinunua mtungi wa udongo sokoni Majengo, akauweka kivulini panapopita upepo. Maji yake yakawa baridi hata meno yakauma. Kwetu pwani tulikuwa na mitungi, lakini haikupoza namna hii. Sababu yake ni ileile ya chumvi. Maji hupenya polepole katika udongo wa mtungi yakatokea nje, na upepo mkavu huyachukua. Nayo yakichukuliwa huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Pwani hewa imekwisha kushiba maji, kwa hiyo haichukui mengi. Upepo tulioulaani asubuhi ndio uliokuwa ukitupoza maji ya mchana, wala hatukuulipa kitu.

Jambo la zabibu. Dodoma ndiyo nchi ya zabibu katika Tanzania, nazo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mama watoto alikwenda sokoni akakuta zimejaa ndoo kwa ndoo, nyeusi, zina ungaunga juu yake kama zimepuliziwa pumzi. Yule mama muuzaji akamwambia, "Onja kwanza, mwanangu, kununua baadaye." Akaonja, akanunua kidogo, wiki iliyofuata akarudi kwa mama yuleyule, na wiki ya tatu yule mama alikuwa amemwekea fungu lake chini ya meza. Mama watoto alipotueleza habari hiyo jioni hakutaja utamu wa zabibu. Alisema, "Leo sokoni kuna mtu aliyenijua."

Jambo la samaki. Tulidhani tumeachana nao. Kisha tukajua kwamba perege huletwa kutoka bwawa la Mtera, katika mto Ruaha Mkuu. Bwawa hilo lilijengwa kwa ajili ya umeme, kumbe limewapa watu na kitoweo. Mama alimla, akasema, "Mtamu. Ila huyu samaki hana bahari ndani yake." Hatukumsahihisha, maana sheria yake ilikuwa ni kutosema uongo, nasi tulijifunza kwamba mtu aweza kukifurahia kitu kipya bila ya kukitukana cha kwanza.

Na binti yetu? Neno lake la kwanza lilikuwa, "Leo nimeona wenzangu wakicheza rede." Baada ya wiki moja akasema, "Leo nimecheza rede." Na mwezi wa Oktoba siku moja alirudi amevimba uso kwa kulia, akakataa kutaja jema lolote, akasema amegombana na wenziwe kwa sababu ya rede. Bibi yake akapiga makofi, akasema, "Hilo ndilo jema lenyewe. Mtu hagombani na asiyemjua."

Mwezi wa Novemba mtoto huyohuyo alileta ua kubwa jeupe, limenyauka pembezoni, ameliokota njiani chini ya mbuyu. Mbuyu huchanua usiku, ua lake hufunguka jua likizama, popo huja kulinywa, na baada ya muda mfupi huanguka. Mama aliyesema kwamba mbuyu anaujua, alikiri kwamba ua lake hakupata kulishika mkononi. Tukaliweka kwenye bakuli la maji, likanuka vibaya, tukalitupa. Lakini siku ile sote wanne tulitaja jema moja.

Kisha Desemba mvua ikaja. Ninyi mnaokaa pwani mna masika na vuli, na katikati yake mvua haiachi kunyesha kidogo. Kwenu mvua ni kama ndugu akaaye nyumba ya pili. Dodoma mvua ina msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo siku inaponyesha ya kwanza, watu hutoka. Tuliwaona wazee wamesimama barazani mikono nyuma, hawasemi kitu, wanaitazama tu. Watoto walikimbia njiani. Watu wa mtaa ambao tangu Juni hatukusalimiana nao walitupigia kelele, "Imekuja!" nasi tukajibu, "Imekuja!" kana kwamba tulikuwa tukiingoja pamoja. Na kwa kweli tulikuwa tukiingoja pamoja, ila hatukujuana.

Sasa tuseme habari ya sanduku. Jirani yetu wa nyuma ni bibi wa Kigogo, mwenyeji wa hapo tangu mji ulipokuwa mdogo. Mama alijifunza kumsalimu kwa lugha yake. Wagogo humwambia mtu mmoja, "Mbukwa," na watu wengi, "Mbukwenyi." Mama alisema "Mbukwenyi" kwa bibi aliyekuwa peke yake, na bibi yule akageuka kutazama nyuma kama kuna watu wengine, akacheka hata akakaa chini. Tangu siku hiyo walikuwa kitu kimoja. Bibi akamfundisha kupika mlenda, majani yaliyokaushwa na kusagwa, yakatiwa karanga, ukaliwa kwa ugali wa uwele. Mama akataka kumlipa kwa wali wa nazi. Nazi ilipatikana kwa bei yake. Lakini mbuzi ya kukunia ilikuwa wapi? Ilikuwa sandukuni.

Ndipo tulipolivuta sanduku la kwanza, miezi saba baada ya kufika. Ndani tulikuta mbuzi, na mkeka wa mama, na picha ya baba, na saa ya ukutani iliyosimama. Tukaona kwamba vitu vyote vilivyoweza kuifanya nyumba ile kuwa nyumba yetu tulikuwa tumevilalia juu yake kwa miezi saba, tukilalamika kwamba nyumba ni ngeni. Siku ile tuliyafungua yote manne. Bibi wa Kigogo alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi kwa mara ya kwanza maishani, na binti yetu akamwelekeza kama mwalimu.

Msifikiri twasema kwamba shida zilikwisha. Vumbi lingali lipo kila kiangazi. Kodi haikupungua. Kuhusu maji, tulikwenda na majirani kwa mwenyekiti wa mtaa, tukasema shida yetu kwa adabu. Mgao haukuondoka, lakini tukazijua siku zetu, tukapanga vyombo mapema. Hapo tulijifunza jambo ambalo twapenda mlishike: malalamiko yana mahali pake. Yapelekwe kwa anayeweza kufanya kitu. Yakiwekwa kila siku kwenye sahani ya mtoto, mtoto hana afanyalo ila kuyala.

Mwezi wa Februari, 2024, mama aliugua usiku. Pumzi ilimbana, nasi tukababaika. Kijana wa jirani wa Mtwara aliwasha bajaji yake kabla hatujamaliza kueleza. Bibi wa Kigogo akaja na shuka mabegani akakaa na binti yetu mpaka asubuhi. Hatukuwa tumewaita wote wawili. Walisikia mlango wetu ukifunguliwa saa nane, wakajua kwamba si desturi yetu. Mama alilazwa siku nne akapona. Tulipokaa kando ya kitanda chake tuliwaza: kama ugonjwa ule ungalimpata Agosti iliyopita, ni nani angaliujua mlango wetu? Furaha zile ndogo za jioni, ambazo mwanzo tulidhani ni mchezo wa kumpendeza mtoto, zilikuwa zimetutoa nje ya nyumba, na huko nje ndiko walikokuwa watu.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo tulikwenda Muheza kusalimu. Tulipanda treni ya umeme ya reli mpya mpaka Dar es Salaam, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuchukua abiria kutoka Dodoma mwaka ule, na kwa muda usiofika saa nne tulikuwa tumefika. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilikuwa ikimlaza mtu njiani. Mama alisema, "Gari la moshi lisilo na moshi!" akacheka peke yake mpaka Morogoro.

Kwetu tulipokelewa vizuri. Jioni ndugu walikusanyika, machungwa yakamenywa, samaki akaja mwenye bahari ndani yake. Binti yetu akatumwa chumvi. Akarudi na kopo, analigonga kwa kijiko, akasema mbele ya watu wote, "Kwetu chumvi haishikani hivi."

Baba zake wadogo wakacheka. Mmoja akamwuliza, "Kwenu wapi, mwanangu? Si ni hapa?" Mtoto akanyamaza, akamtazama bibi yake. Nasi twakiri kwamba neno lile lilituchoma kidogo, ijapokuwa ndilo tulilolitafuta. Mama akasema, "Mwacheni. Ana kwao kuwili." Kisha akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba asema na nafsi yake, "Mimi kwetu ni hapa, na hapa ndipo nitakapozikwa karibu na babaenu. Lakini kule nina watu wa kunisalimu, na mtungi wangu una maji."

Hatukuona haja ya kuongeza neno, wala sasa hatuoni. Ila kwa kuwa ukurasa huu ni wa kusaidiana, twaweka hapa mashauri machache kwa wale ambao mwaka huu watahama.

Kwanza, fungueni masanduku katika wiki ya kwanza, hata kama mwadhani hamtakaa. Atundikaye saa ukutani hajapoteza kitu, akihama ataitundua.

Pili, jifunzeni salamu ya wenyeji kabla ya kujifunza bei za soko. Mkikosea si kitu. Kosa la salamu huchekesha, halimkasirishi mtu.

Tatu, angalau mara moja kwa wiki tembeeni kwa miguu katika mtaa wenu, na mnunue kwa muuzaji mmoja mpaka awajue.

Nne, jioni mkiwa pamoja, kila mmoja ataje jema moja aliloliona siku ile. Mwenye huzuni asilazimishwe. Naye aiseme huzuni yake, isikizwe, kisha chakula kiliwe. Mtoto haumizwi na kusikia kwamba mzazi wake apakumbuka kwao. Huumizwa na kuambiwa kwamba mahali anapoishi si mahali.

Tano, na hili ni kwenu waalimu: akija mtoto mgeni darasani, mpeni kazi siku ya tatu, kama ile methali isemavyo. Afute ubao, agawe madaftari, amwagilie mti. Mtoto mwenye jembe mkononi hana nafasi ya kupakata mkoba. Na mkiona jambo kwa mtoto, mwiteni mzazi mmwambie kwa upole, kama alivyotufanyia mwalimu yule. Huenda hajui hata leo alivyotusaidia.

Tumemaliza. Usiku huu tunapoandika, upepo wavuma nje na mlango watikisika kama ilivyo desturi ya mwezi huu. Mama ameuliza kama tumekwisha kutaja letu la leo. Tumemwambia, bado, tulikuwa tukiwaandikia ninyi. Amesema basi hilo lahesabika.

Kwa herini hata mwezi ujao.